Shajara ya mradi: picha za zamani za Wick, bandari ya samaki aina ya heringi

Januari

Haya, nimeanza rasmi. Mradi wenyewe ni huu: nachukua picha za zamani za mji wa Wick, ule mji wa bandari kule juu kabisa kaskazini mashariki ya Uskoti, Caithness, kila picha naiandikia maelezo ya Kiswahili, naitafutia sehemu aliposimama mpiga picha, naiweka kwenye ramani, alafu naenda nasimama palepale napiga ya saivi. Picha zenyewe za zamani sizipandishi popote, zina wenyewe. Changu ni maelezo, ramani na picha ninazopiga mwenyewe, anayetaka kuiona ya zamani namuelekeza iliko.

Kwanini Wick wakati mimi naishi Inverness na bandari zimejaa pwani yote hii? Sababu ni familia moja. Mwaka 1863 Alexander Johnston alianza kazi ya kupiga picha Wick, baada yake mtoto, baada ya mtoto mjukuu, mpaka 1975. Yaani vizazi vitatu, miaka zaidi ya 110, mji uleule, bandari ileile. Waliacha negativu za vioo takriban 50,000 ambazo zinatunzwa na Wick Society, chama cha wenyeji wenyewe, kina na makumbusho yake mtaa wa Bank Row. Mji mdogo kama ule kuwa na kumbukumbu ya namna hiyo ni jambo la ajabu kwakweli, unaweza kuona gati tupu, gati likijaa, gati likiwa tupu tena, na wote waliopita hapo katikati wana sura.

Kinachonisukuma ni maelezo yanayozunguka na picha za namna hii mtandaoni. "Bandari ya Wick, zamani." Basi. Picha ina wanawake zaidi ya ishirini mikono imezama kwenye samaki, nyuma yao mapipa yamepangwa mpaka juu ya vichwa, alafu mtu anaandika "mandhari ya bandari". Wale watu walikuwa kazini jamani. Kwahiyo nimejiwekea sheria moja kwenye mradi huu, kila maelezo lazima yaseme ni kazi gani inafanyika, nani anaifanya, na ni kitu gani ndani ya picha kinathibitisha mwaka. Kama hakuna kitu ndani ya picha kinachothibitisha, mwaka hauandikwi.

Februari

Mwezi mzima nimekaa na laptopu natengeneza orodha ya vitu vya kupimia miaka. Kazi ya kukaa kitako lakini nimeipenda sana, ukishaizoea picha inaanza kukujibu maswali.

Cha kwanza herufi kwenye mashua. Sheria ya uvuvi wa baharini ya 1868 ndiyo iliyolazimisha kila mashua iandikwe herufi za bandari yake na namba, za Wick ni WK. Kwahiyo ukiona WK ubavuni umeshajua uko baada ya hapo. Faida ya pili, herufi hizohizo zinakuonyesha kama picha imegeuzwa kushoto kulia. Negativu ya kioo ina upande wenye dawa na upande mtupu, ukiiskani bila kuangalia upande unapata dunia iliyogeuka, na ziko nyingi tu zinasambaa hivyo, K inatangulia na imepindukia nyuma, mdomo wa bandari uko upande usio wake, watu wanashea tu. Pasipo na mashua natumia mabango ya maduka au vifungo vya makoti ya wanaume.

Cha pili ni umbo la mashua. Hapa ndo pana utamu. Zamani walikuwa na scaffie, omo (mbele ya mashua) limejikunja na tezi (nyuma yake) limelala. Wakawa na fifie, omo wima na tezi wima. Alafu mwaka 1879 fundi mmoja wa Lossiemouth, William Campbell, akaunganisha, akachukua omo wima la fifie na tezi lililolala la scaffie, ikatoka mashua yenye mbio na sitaha ndefu juu wakati mkuku wake, ule uti wa chini, ni mfupi, kwahiyo inageuka kirahisi bandarini. Mwaka huohuo Waingereza walikuwa vitani na Wazulu kule kusini mwa Afrika, magazeti yamejaa habari hizo, na aina hiyo ya mashua ikaitwa Zulu. Mpaka leo linaitwa hivyo, na kwa kazi yangu ni kipimo safi kabisa: ukiona tezi lililolala sana na omo lililosimama kama ukuta, hiyo picha haiwezi kuwa ya 1865 hata kama imeandikwa hivyo kwa wino wa dhahabu.

Cha tatu ni moshi. Meli za uvuvi za mvuke, zile zenye bomba refu jembamba, zinaanza kujaa kwenye picha kuanzia 1900 hivi. Bandari yote matanga matupu, ni kabla ya hapo. Bandari nusu matanga nusu mabomba, ndio ile miaka kabla ya vita ya kwanza.

Cha nne reli, ilifika Wick 1874.

Nimeweka pia safu ya aina ya kioo kwenye spredishiti. Picha za miaka ya 1860 zilipigwa kwa kioo kibichi, maana yake mpiga picha anapaka dawa kwenye kioo gizani, anakiweka kwenye kamera kikiwa bado kimelowa, anapiga, anakimbia kukiosha kabla hakijakauka, yote hayo ndani ya dakika chache tu, kwahiyo anatembea na giza lake, kihema au kigari. Na sekunde za kusubiri ni nyingi, ndio maana mapipa yametoka makali kama yamechorwa lakini watu wana vichwa viwili viwili na bendera ni ukungu. Vioo vikavu vilipoenea kwenye miaka ya 1880 mikono ya watu ikaanza kuonekana ikiwa kazini. Na ile mbingu nyeupe pee inayofanya kila mtu aseme "Uskoti ukungu tu", mara nyingi sio ukungu, ni dawa ya kioo ambayo ilikuwa inadaka sana rangi ya bluu, anga la bluu linatoka jeupe.

Machi

Nimempigia mjomba wangu aliyeko Tanga, kafanya kazi ya majahazi karibu maisha yake yote. Nilimtumia picha moja kwenye simu kwanza, zulu mbili zinatoka mdomoni mwa bandari matanga yamejaa, nikataka tu aone. Shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, hujambo na baridi hiyo, alafu akanyamaza muda, akaniuliza: "Hawa wanabishaje na tanga kubwa hivi?" Yaani wanageuzaje mashua kwenda kinyume na upepo.

Sikuwahi kujiuliza hilo hata siku moja. Nikaenda kusoma, na majibu ni kwamba tanga la mbele la hizi mashua lilining'inia kwenye boriti upande mmoja wa mlingoti, upepo ukitaka kubadilishwa upande lazima walishushe, wapitishe boriti na tanga lake nyuma ya mlingoti, walipandishe upya upande wa pili. Usiku, bahari ya kaskazini, sitaha imelowa mafuta ya samaki. Nikampigia tena kumwelezea, akacheka akasema basi foromali (ndo hiyo boriti ya tanga) ni foromali tu mwanangu, hata huko inawatesa watu. Kwenye jahazi nako foromali inabidi izungushwe mlingoti kila mkibadilisha upande, kwahiyo mzee alikuwa anajua anachouliza.

Swali lake limezaa kitu kingine. Kwa vile matanga yale yalikuwa mazito mno, kuanzia katikati ya miaka ya 1880 mashua za tanga zikaanza kufungwa winchi ndogo ya mvuke kwenye sitaha, kwa ajili ya kuvuta nyavu na kupandisha matanga. Kwahiyo kuna picha ambazo mashua ni ya tanga kabisa, haina injini ya kuisukuma, lakini kuna kibomba kidogo kinafuka hapo katikati. Nimeongeza kwenye orodha, na picha kadhaa ambazo nilikuwa nimeziacha bila mwaka sasa zina mwanzo. Asante mjomba, jina lako liko kwenye faili.

Aprili

Safari ya Wick kwa treni. Kutoka Inverness ni masaa manne na ushee, reli inazunguka mno, inaingia ndani inatoka pwani inaingia tena ndani kwenye mbuga za mboji hakuna nyumba hata moja, alafu ghafla ndo Caithness, tambarare, mawe bapa yamesimamishwa wima kuwa ua wa mashamba.

Mji una mto katikati. Kaskazini ni Wick ya asili, kusini ni Pulteneytown, na picha nyingi za kazi ni za kusini. Pulteneytown ulijengwa makusudi kwa ajili ya heringi. Chama kimoja kilichoitwa British Fisheries Society kilimpa kazi mhandisi Thomas Telford, yuleyule wa madaraja na mifereji, achore mji mzima na bandari yake mwanzoni mwa miaka ya 1800, ukapewa jina la Sir William Pulteney aliyekuwa mkuu wa chama. Telford aligawa pande mbili, chini karibu na maji ni maghala na viwanja vya kusafishia samaki, juu kwenye kilima ni nyumba za watu. Hadi 1902 ulikuwa mji unaojitegemea, ndo ukaunganishwa na Wick. Ukitembea leo mpangilio wa Telford bado unausikia miguuni, mitaa imenyooka, inashuka kwa pamoja kuelekea bandarini.

Picha kubwa zinazojulikana, zile za bandari imejaa mpaka unaweza kuvuka kwa kuruka mashua hadi mashua, nyingi zilipigwa kutoka juu, ile sehemu wanaita Braehead, ukingo wa kilima unaotazama gati. Kupata aliposimama mpiga picha ni hivi, unatafuta vitu viwili ambavyo vipo kwenye picha na vipo mpaka leo, kimoja karibu kimoja mbali. Mimi nilichukua kona ya ghala la chini na bomba la moshi la nyumba ya ng'ambo. Kwenye picha ya zamani bomba linagusa kabisa kona ya ghala. Unasimama, unaona bomba liko kulia zaidi, unasogea kushoto, linarudi, linapitiliza, unarudi hatua moja, nusu hatua. Likishagusa umepata mstari, alafu unatafuta jozi ya pili, pale mistari inapokatana ndipo zilipokuwa nguzo za kamera ya Johnston. Upepo ulikuwa unanisukuma kweli lakini sikuondoka mpaka zimekaa. Na zilipokaa, bandari ile chini ina boti chache tu za plastiki na za kuvulia kaa, nyeupe, zimefungwa vizuri, na simu yangu ina picha ya zaidi ya mashua elfu. Miaka ya 1860 Wick ilikuwa inapokea zaidi ya mashua 1,000 kwa msimu mmoja wa kiangazi, ilikuwa ndo bandari kubwa ya heringi kuliko zote Ulaya, wanasema wenyewe na hesabu zinawaunga mkono.

Kuna mzee alikuwa anapita na mbwa wake akaniuliza natafuta nini, nikamwonyesha. Akaitazama ile skrini akanyoosha kidole kwenye paa moja, akasema pale ndo alizaliwa bibi yake. Nikamwomba anitajie majina ya magati kama wenyeji wanavyoyaita, akanitajia yote, nimeyaandika.

Mei

Mwezi huu wote nimeupa wanawake. Ndio sehemu niliyoisubiri.

Kazi ilikuwa inakwenda hivi. Mashua zinatoka jioni, zinatupa nyavu usiku na kuziacha zielee na mkondo, heringi wanapanda juu gizani wananasa kwa mashavu, alfajiri mashua zinarudi. Samaki wanapimwa kwa kikapu, kipimo chao kinaitwa cran, lita 170 hivi, ni samaki kama elfu moja na zaidi kutegemea ukubwa. Kuanzia hapo mwanaume kamaliza, mwanamke ndo anaanza. Heringi ana mafuta mengi, anaharibika haraka, kwahiyo wale wa leo lazima wapasuliwe na kutiwa chumvi leoleo, hata kama ni usiku na taa.

Walifanya kazi watatu watatu. Wawili wanapasua, mmoja anapanga kwenye pipa. Kisu ni kifupi sana, karibu kinapotelea kiganjani. Kinaingia kwenye koo, mzunguko mmoja wa kifundo, matamvua na matumbo vimetoka, na samaki hatupwi ovyo, anatupwa kwenye beseni la ukubwa wake nyuma bila hata kugeuka kuangalia, maana heringi wanauzwa kwa madaraja. Mwenye mkono mwepesi anapita samaki 30 kwa dakika, wengine zaidi ya hapo. Vidole vyote vimefungwa vitambaa na uzi, kwasababu kisu kikikuchana na chumvi ikaingia, kidonda hakifungi msimu mzima.

Haya ndo maelezo ya picha ambayo nimeyafanyia kazi kwa muda mrefu, nayaweka kama yalivyo:

"Sanduku refu la mbao, wao wanaliita farlin, limejaa heringi hadi ukingoni. Wanawake wamesimama upande mmoja kwa mstari, aproni za turubai lililopakwa mafuta, vitambaa vichwani, mikono ya magauni imekunjwa juu ya viwiko. Wa tatu kutoka kushoto amefunga vidole vyote vya mkono wa kushoto, vya kulia amefunga vitatu. Nyuma mwanamke mmoja ameinama, kichwa na mabega viko ndani ya pipa, anapanga safu ya chini kabisa, matumbo ya samaki yakiangalia juu, safu inayofuata itakatiza juu ya hii na chumvi katikati. Aliyewekwa kupanga kwa kawaida alikuwa mrefu kuliko wenzake, vinginevyo asingefika chini. Kivuli kinaangukia upande wa nchi kavu, jua liko baharini, ni asubuhi, mzigo umeingia muda si mrefu. Kulia kuna fundi mapipa ameshika nyundo. Mabomba mawili ya mvuke yanaonekana juu ya paa, kwahiyo ni baada ya 1900 hivi."

Hakuna jina la mtu hata mmoja hapo, na hiyo inaniuma. Jina la mwenye kampuni mara nyingi lipo limepakwa kwenye mapipa.

Wengi wao hawakuwa wa Wick. Walikuja kutoka visiwa vya magharibi na vijiji vya milimani, wanaongea Kigaeli, wanalala wengi chumba kimoja, na msimu ukihama nao wanahama, wanafuata heringi kushuka pwani yote mpaka Great Yarmouth kule Uingereza, kwa treni, na kisanduku cha mbao cha nguo. Kuna picha wako matembezini Jumapili au wanasubiri mashua ziingie, na mikono haijatulia hata hapo, wanafuma soksi huku wanatembea. Mkataba walikuwa wanaupokea kabla ya msimu pamoja na pesa ya kishika mkono, ukishaipokea umefungwa na mwajiri huyo. Sehemu kubwa ya ujira ilihesabiwa kwa pipa, wanagawana watatu, ndo maana timu ilikuwa mara nyingi ndugu au majirani, huwezi kubeba mvivu.

Na mapipa nayo nimeyapa maelezo yake. Baada ya siku kama kumi samaki wameshuka, pipa linafunguliwa linajazwa tena, linaongezwa maji ya chumvi, linafungwa. Afisa wa serikali anakagua, akiridhika linachomwa muhuri wa taji kwa chuma cha moto. Pipa lenye taji, Stettin au Danzig (bandari za Ujerumani enzi hizo) au Urusi, lilikuwa linanunuliwa bila kufunguliwa. Hivo ndivyo kazi ya wale wanawake ilivyokuwa inakwenda hadi kwenye meza za watu ambao hawajawahi kuiona hii bahari. Alafu 1914 vita, 1917 mapinduzi ya Urusi, soko likakatika, na kwenye picha za miaka ya 1920 unaona gati lilelile na nafasi kati ya mashua inazidi kupanuka.

Juni

Ukuta wa mawimbi. Ukisimama upande wa kusini wa ghuba maji yakipwa unaona mawe makubwa yamelala ovyo yanaingia baharini, mtu asiyejua anaweza kudhani ni miamba tu. Ni mabaki ya kazi ya familia ya Stevenson, wale wahandisi wa minara ya taa.

Sababu ya ukuta inaanzia usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Agosti 1848. Mashua kama 800 zilikuwa zimetoka Wick, zote wazi bila sitaha, dhoruba ikaja usiku, zikakimbilia nyumbani zikakuta maji yamepwa na bandari haina kina cha kuingia. Zikabaki nje ya mdomo wa bandari zinapigwa. Watu 37 walikufa hapo Wick, familia zao zimesimama kwenye gati zinatazama na hakuna la kufanya, na pwani yote ya mashariki walipotea watu 100 na mashua 124. Serikali ikamtuma kapteni John Washington, akaandika ripoti mwaka uliofuata akitaka mashua ziwe na sitaha na bandari zichimbwe. Hakuna picha ya siku hiyo, kamera ya Johnston ilikuja miaka 15 baadaye. Nimeamua kuiweka kwenye ramani hivyohivyo, pini bila picha, maana ukiangalia picha zote zinazofuata bila kujua 1848 huelewi kwanini mashua zinabadilika kuwa na sitaha na kwanini watu wanamwaga mawe baharini.

Ukuta wenyewe ulianza 1863. Thomas Stevenson alimleta mwanawe Robert Louis mwaka 1868, kijana wa miaka 17, anatakiwa awe mhandisi, akavaa nguo za mzamiaji za shaba na risasi akashushwa chini kuangalia msingi. Akaishia kuwa mwandishi. Desemba 1872 dhoruba ikaja, na mwisho wa ukuta kulikuwa na mabonge ya saruji na mawe yaliyofungwa pamoja kwa vyuma, uzito tani 1,350, bahari ikalizungusha bonge lote kwa pamoja na kulisukumia upande wa ndani. Wakajenga jingine la tani 2,600. Mwaka 1877 nalo likaenda. Wakaacha.

Picha za ukuta huo ni chache na kila moja inapendeza kuisoma kwa kukuza, kuna mitambo ya mbao, kreni, mtu amekaa juu ya jiwe miguu inaning'inia. Kwa kupima miaka ni rahisi, urefu wa ukuta unakuambia, unarefuka, alafu unafupika.

Julai

Bank Row, kwa uangalifu.

Tarehe 1 Julai 1940, mchana, ndege moja ya Ujerumani iliangusha mabomu mtaa huu karibu na bandari. Watoto walikuwa nje wanacheza. Walikufa watu 15, wanane kati yao watoto. Ni moja ya mashambulizi ya mwanzo kabisa ya mchana kwenye ardhi ya Uingereza. Leo pale zilipokuwa nyumba kuna bustani ndogo ya kumbukumbu. Nilisimama hapo na simu mfukoni. Picha ya sasa nimeipiga kutoka ng'ambo ya barabara, bustani yote ionekane, na maelezo nimeyaweka mafupi, mtaa, tarehe, idadi. Picha za vifusi sizielekezi.

Sababu ya ndege kuja ni bandari na uwanja wa ndege. Na uwanja huo nao una picha yake ambayo haikupigwa na Johnston: tarehe 21 Mei 1941 rubani Michael Suckling aliruka na Spitfire kutoka Wick, ndege haina silaha ina kamera tu, akapita juu sana ya pwani ya Norway karibu na Bergen akapiga meli ya vita ya Kijerumani, Bismarck, imejificha kwenye fiodi. Siku sita baadaye ilikuwa imezamishwa. Pini iko kwenye ramani, hapo uwanjani aliporuka, japo kilichopigwa kiko ng'ambo ya bahari.

Agosti

Nje ya mji. Haraka haraka kwasababu mvua ilinyesha karibu wiki nzima.

Whaligoe, kilomita 11 hivi kusini. Ngazi za mawe zaidi ya 300 zinashuka jabali refu mpaka kwenye kibandari kidogo kati ya kuta mbili za miamba. Mashua zilikuwa zinavutwa juu ya jukwaa la mawe kukiwa na mawimbi. Wanaume wanashusha samaki chini, wanawake wanabeba vikapu mgongoni kupanda ngazi zote, alafu wanatembea na mzigo mpaka Wick kuuza. Nimepanda bila mzigo nikapumzika njiani. Kwenye picha za zamani ngazi ni zilezile, ukihesabu kutoka kona unaweza kulinganisha jiwe kwa jiwe, na kwa ajili hiyo ni moja ya jozi zangu nzuri kuliko zote.

Ngome ya Sinclair Girnigoe kaskazini, hapa picha za zamani zina faida ya kweli maana kuna kuta ambazo zimeshaanguka na kioo cha Johnston bado kinazo. Noss Head ina mnara wa taa wa 1849.

Na Isabella Fortuna, fifie ya 1890 iliyojengwa Arbroath, Wick Society wameitengeneza na wanaitunza. Niliomba kuisogelea. Nilipitisha mkono kwenye omo lake, wima kabisa kuanzia juu mpaka maji yanapoanza, nikamtumia mjomba video, akaniagiza nipige na tezi.

Septemba

Hali ilivyo sasa. Ramani inafungua vizuri kwenye simu, hata zile za bei nafuu, nimepunguza ukubwa wa picha zangu. Maelezo ya bandari yamekamilika, ya wanawake yamekamilika, ya ukuta yamebaki kuhaririwa. Dada mmoja wa Mombasa anayeishi Aberdeen amejitolea kuyapitia yote, amenirudishia nusu na alama nyingi, hasa anapinga ninapotumia "wapasuaji" anasema linasikika kama madaktari, tumekubaliana "wanawake wa heringi".

Bado sijaanza miaka ambayo Wick haikuuza pombe, 1922 mpaka 1947, mji wa wavuvi wenye kiwanda cha wiski, huku baa zote zimefungwa kwa kura ya wakazi, nataka kuona picha za mtaani za kipindi hicho na milango ya zilizokuwa baa. Staxigoe pia bado, ndipo heringi walipokuwa wanatiwa chumvi kabla Telford hajaja, na gati lake dogo lipo.

Kwa anayetaka kusaidia: nahitaji mtu anayesoma Kigaeli, kuna maandishi nyuma ya nakala kadhaa za picha za wanawake, na naamini baadhi ni majina.